Ukianguka Anatomia: Kupanga Upya Masomo ya Kuingilia Uuguzi Marekani

Katika vyuo vya jamii vya Marekani hakuna sapu. Aliyesoma chuo Dar es Salaam au Nairobi amezoea kwamba ukianguka mtihani wa mwisho, unaurudia mtihani huo baada ya muda na masomo yanaendelea. Huku, ukipata F katika Anatomia na Fiziolojia ya Kwanza, unalirudia somo zima: muhula mzima wa mihadhara, ada yote, maabara yote, na kitabu kilekile kinene. Uzito huo ndio unaowatia watu hofu, na hofu ndiyo inayowasukuma wajiandikishe tena muhula unaofuata, kwa mzigo uleule na kwa usomaji uleule. Wengi ninaowashauri walianguka mara ya pili kwa sababu hiyo, si kwa sababu akili yao haiwezi sayansi.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Minnesota, Texas, Kentucky na Massachusetts wanaofanya kazi ya CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, katika nyumba za wazee, na wanaotaka kuwa wauguzi waliosajiliwa (RN). Wanaijua kazi ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kumfariji saa tisa ya usiku. Lakini kabla programu ya uuguzi haijawapokea, inawadai masomo ya kuingilia: kwa kawaida kemia, anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, na mara nyingi takwimu na saikolojia. Alama ya chini inayokubalika huwa C, na kwa kuwa nafasi ni chache, anayepokelewa mara nyingi ni mwenye A na B.

Jambo la kwanza baada ya kuanguka ni kukusanya majaribio yako yote ya muhula uliopita, kuyapanga kwa tarehe, na kutazama alama zilishuka wapi. Somo hili lina mtiririko unaojulikana, kwa hiyo mahali pa kuanguka panasema mengi.

Kama jaribio la kwanza kabisa ndilo lililokuangusha, lile la atomu, seli na tishu, tatizo ni msingi. Huna kemia ya kutosha, au uliisoma miaka mingi iliyopita. Fiziolojia ya mwili ni kemia inayotembea. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi wa takribani milivolti 70 ukilinganisha na nje. Milango ya sodiamu ikifunguka, sodiamu inaingia na umeme unageuka kuwa chanya. Kisha potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Mtu asiyejua ioni ni nini, wala kwa nini chembe zenye chaji tofauti zinavutana, ataikariri habari hii neno kwa neno na itampotea ndani ya wiki. Huyo asirudie anatomia sasa. Asome kwanza kemia ya utangulizi, hata kama chuo chake hakimlazimishi.

Kama ulifaulu seli, ukafaulu hata mifupa, kisha ukaporomoka kwenye misuli na neva, tatizo ni njia ya kusoma. Mifupa 206 inaweza kukaririwa. Misuli inavyojikunja haikaririki, kwa sababu ni mlolongo wa matukio ambamo kila hatua inazaliwa na iliyotangulia, na mtihani utakuuliza nini kitatokea hatua moja ikikwama.

Na kama ulikuwa na B mpaka wiki ya kumi, kisha kila kitu kikaanguka kwa pamoja, tatizo halimo darasani. Huenda mtoto aliugua, zamu ziliongezwa, au kulikuwa na msiba nyumbani uliohitaji fedha na simu za usiku. Mtu wa namna hii hana haja ya kujifunza upya namna ya kusoma. Anahitaji kupanga saa zake na kuwa na akiba ya muda.

Niseme zaidi kuhusu njia ya kusoma, kwa sababu hapo ndipo walio wengi huteleza, na wanaoteleza ni watu wenye bidii kwelikweli. Wanasoma sura mara nne, wanapaka rangi mistari, wananakili slaidi kwa mwandiko mzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha jaribio kuhusu jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala fupi kisha likairudia kuisoma. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likaandika kila lilichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka takribani asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kusoma tena kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inakusindikiza hadi mlangoni mwa chumba cha mtihani tu.

Kwa hiyo kitabu kifungwe mapema. Chukua karatasi tupu, uchore figo, uanze kujieleza. Figo zako zinachuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kila siku, lakini mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Zile nyingine zinarudi wapi, kwa njia ipi, na homoni gani inaamua? Mweleze kwa Kiswahili yeyote uliye naye sebuleni. Pale utakapokwama ndipo ulipo upungufu wako, na hapo tu ndipo pa kufungulia kitabu. Majina ya Kilatini yatashika vizuri zaidi yakija juu ya jambo ambalo umeshalielewa.

Kuna tabia nyingine tuliyotoka nayo nyumbani. Waliopitia mitihani ya taifa ya NECTA kule Tanzania au KNEC kule Kenya wamelelewa katika utaratibu ambamo mtihani wa mwisho ndio unaoamua hatima, basi nguvu huhifadhiwa kwa miezi ya mwisho. Hapa majaribio huja kila baada ya wiki mbili tatu, na maswali madogo kila wiki, na yote yanahesabiwa. Ukingoja mwisho, alama imekwisha kuzama.

Sasa rekodi na fedha. Tuseme umesoma masomo matatu ya krediti nne kila moja, ukapata B mbili na F moja. GPA yako, yaani wastani wa alama, ni 2.0. Ukirudia lile lililoanguka na kupata A, katika chuo kinachobadilisha alama ya zamani utapanda hadi 3.33. Katika chuo kinachohesabu alama zote mbili, utafika 2.5 tu. Tofauti hiyo inatosha kuamua kama unaingia uuguzi au huingii, nayo haitegemei juhudi yako bali kanuni ya chuo. Tena chuo unachosomea sasa kinaweza kubadilisha alama, ilhali programu ya uuguzi unayoiomba inazihesabu zote. Uliza kwa ile programu. Uliza pia inaruhusu kurudia somo la sayansi mara ngapi, kwani nyingi zina kikomo, na kama sayansi zako zitakuwa zimepitwa na muda baada ya miaka mitano au saba.

Msaada wa fedha wa serikali unaoombwa kwa fomu ya FAFSA una masharti yake ya maendeleo ya masomo. Vyuo vingi vinadai uwe na GPA ya 2.0 na uwe umekamilisha angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Rudi kwenye mfano wetu: krediti 8 kati ya 12 ni asilimia 66.7. Kwa F moja tu, mwanafunzi huyo anaweza kupewa onyo. Onyo si kufukuzwa. Mara nyingi unapewa muhula mmoja wa kujirekebisha, na ukikosa unaweza kukata rufaa ukieleza kilichotokea na kilichobadilika. Cheti cha hospitali, barua ya mwajiri kuhusu zamu, tangazo la msiba: vitunze.

Hapa alama ya W, ya kujiondoa katika somo, inafaa ieleweke vizuri. Ukifuta usajili katika siku za kwanza za muhula, somo halionekani popote, na kwa kawaida ada hurudishwa. Ukijiondoa baadaye kabla ya tarehe ya mwisho, unapata W: haigusi GPA, lakini inahesabiwa kama krediti ulizojaribu bila kukamilisha, na ada haikurudii. Ukijiondoa katika masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini na unaweza kubaki na deni chuoni. Hata hivyo, kama wiki ya nane una asilimia 50 na hesabu haionyeshi njia ya kufika C, mimi humshauri mtu achukue W. F ni nzito kuibeba kuliko W. Tena D ina mtego wake: kwa msaada wa serikali ni kufaulu, na somo ulilofaulu hulipiwa marudio mara moja tu, wakati kwa uuguzi D haikufikishi popote.

Kuhusu mzigo, fanya hesabu ya saa kabla ya kujisajili. Anatomia ya krediti nne huchukua takribani saa sita za darasa na maabara kwa wiki, na inadai saa nyingine tisa hadi kumi na mbili za kujisomea. Sayansi mbili za namna hiyo kwa pamoja ni saa 30 hadi 36. Ukiongeza zamu tatu za saa 12, wiki ya saa 168 bado inatosha kwenye karatasi. Lakini saa zinazofuata zamu ya usiku si saa za kuelewa homoni za figo, na ubongo huyapanga yaliyosomwa wakati wa usingizi. Anayekata usingizi ili asome anaiba palepale anapoweka. Kwa anayefanya kazi kwa saa nyingi, ushauri wangu hauna masharti: sayansi moja kwa muhula, pamoja na somo jepesi la kukamilisha krediti kama msaada wake unadai hivyo.

Mtu aliyeanguka muhula wa vuli mwaka huu anaweza basi kusoma kemia kuanzia Januari. Kiangazi apumzike, akusanye fedha, na ajikumbushe seli na tishu polepole. Vuli achukue anatomia ya kwanza, na Januari inayofuata ya pili, bila kuacha pengo kati ya hizo mbili na bila kubadilisha chuo, maana vyuo havigawi mada hizo mbili kwa namna moja na unaweza kujikuta umerudia mapafu mara mbili na hukusoma homoni kabisa. Mikrobiolojia inaweza kufuata kiangazi, ikiwa hiyo ni sayansi pekee na zamu zimepunguzwa, kwa sababu muhula wa wiki nane unabana kazi ya wiki kumi na sita. Anatomia yenyewe, kwa aliyewahi kuianguka, sishauri isomwe kiangazi hata kidogo.

Mpango huu unachukua karibu miaka miwili, na wengi wakiusikia wanakunja uso, hasa wenye umri wa miaka arobaini. Wanaoona muda huo ni mrefu mno wana njia ya LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni: mafunzo ya takribani mwaka mmoja, sayansi chache zaidi za kuingilia, leseni yake mwenyewe, na baadaye programu za kuvuka kwenda RN. Ni kazi ya heshima yenye mshahara bora kuliko wa CNA, ingawa anatomia itakungoja mbele ya daraja hilo.

Unapokwenda kwa mshauri wa masomo, fika na majaribio yako, orodha ya zamu zako, na ukurasa wa masharti wa programu unayoitaka. Usimwulize kama unaweza kurudia. Atakujibu ndiyo, kwani mfumo unaruhusu. Mwulize alama ipi itahesabiwa, umebakiwa na nafasi ngapi za kurudia, na msaada wako utakuwaje ukichukua krediti sita badala ya kumi na mbili. Kisha mwombe akuandikie majibu hayo kwa barua pepe, ili muhula ujao ukikutana na mshauri mwingine usianze upya.