Tunza Chuma cha Vitumbua

Mafia ni kisiwa. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Chuma kikishika kutu, vitumbua hunata na kukatika. Muuzaji hupata hasara.

Fanya hivi:

Ukimaliza kupika, acha chuma kipoe. Ukikimwagia maji kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka.

Kioshe kwa maji matamu, si ya bahari. Kama kina kutu, kisugue kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka kutu itoke. Kisuuze.

Kikaushe juu ya moto mdogo. Kingali na joto, paka mafuta ya nazi kidogo katika kila shimo. Mafuta huzuia maji na hewa yenye chumvi.

Kiweke mahali pakavu.

Chuma kilichotunzwa hutoa vitumbua vizima, na faida hubaki nyumbani.