Nyumba ya Kijijini na Swali la Dhamana

Mkazi wa Iringo, kata iliyomo katika Manispaa ya Musoma, na nduguye aliyebaki kijijini upande wa Butiama, waweza kuwa na pato lililo sawa na bidii isiyopishana, lakini siku watakapokwenda benki kutaka mkopo wa kujengea nyumba, yule wa mjini mwenye hati ya kiwanja kilichopimwa atasikilizwa, ilhali yule wa kijijini, ambaye shamba lake alilirithi kwa babu yake na hapana jirani alitiliaye shaka, aghalabu atarudi mikono mitupu.

Tofauti hiyo asili yake ni sheria. Tangu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipotungwa mwaka 1999, ardhi ya Tanzania imegawanywa mafungu matatu, nayo ni ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mwanakijiji hakunyimwa haki: akiomba kwa halmashauri ya kijiji chake, mipaka ikahakikiwa mbele ya majirani na shauri likakubaliwa, hupewa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kwa mujibu wa sheria ina nguvu sawa na ile itolewayo mjini. Uhakiki huo si jambo dogo katika mkoa wa Mara, ambako operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu wengi, wakayaacha mahame yao nyuma na kuanza maisha kwenye ardhi waliyogawiwa.

Hata hivyo, hati yenyewe haimtoshelezi mkopeshaji. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kila apendaye, bali kwa mtu akaaye au akusudiaye kukaa na kufanya kazi pale, tena kwa idhini ya halmashauri. Kwa hiyo mkopaji akishindwa kulipa, benki huhofia kwamba rehani iliyo mkononi mwake haitapata mnunuzi. Fauka ya hayo, marejesho hudaiwa kila mwezi, na mkulima wa pamba wa Bunda hupata fedha yake kwa msimu, naye mvuvi wa dagaa hutegemea giza la mwezi na utulivu wa ziwa.

Zamani serikali ilijaribu kuziba pengo hilo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikusudiwa kuwakopesha wananchi wa mijini na wa mashambani, lakini madeni yasiyolipwa yaliidhoofisha hata ikafa mwaka 1995. Baadaye ikaja Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu. Lakini manufaa ya mambo hayo yamewaangukia zaidi wenye mshahara na wenye viwanja vilivyopimwa.

Marekani walishika njia nyingine. Katika mpango ambao mizizi yake ni Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, Wizara ya Kilimo humdhamini mkopaji wa mashambani mbele ya benki, madhali nyumba imo katika eneo lihesabiwalo kuwa la shamba na pato la nyumba nzima halizidi asilimia 115 ya pato la kati la mahali pale, wala hatakiwi kutanguliza fedha. Huko kukaa shamba ni sababu ya kustahiki; kwetu kumekuwa kizuizi.

Kwa sasa, atakaye kujiandaa na aipate hati yake ya kimila, amshirikishe mwenzi wake, kwa maana nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kisha aweke akiba katika chama cha kuweka na kukopa, ambako mwenendo wake unajulikana na wanachama wenzake humdhamini. Mikopo ya namna hiyo ni midogo, hutosha mabati au saruji, ndiyo maana nyumba nyingi za vijijini hupanda kidogo kidogo, msingi mwaka huu na lenta mwaka ujao. Kupima ardhi na kugawa hati ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni serikali kuibeba sehemu ya hofu ya mkopeshaji, na marejesho yakapangwa kufuata mavuno. Pasipo hayo, hati itabaki sandukuni, hali mwenyewe anastahili nyumba na uwezo wa kuilipia anao.