Walioanza Kujiandika

Katika miaka ya 1950, Isaya Mukirane, mwalimu wa shule, alianzisha chama chenye jina refu: Chama cha Utafiti wa Historia ya Maisha ya Bakonzo, yaani Wakonzo. Wanachama wake walipanda na kushuka mabonde ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, wakiwahoji wazee kuhusu koo, mila na misukosuko ya zamani. Mingine haikuwa ya zamani sana. Nyamutswa na wenzake wawili, walionyongwa na Waingereza mwaka 1921 baada ya kupinga utawala wa ufalme wa Toro, walikuwa bado wanakumbukwa na watu waliowaona kwa macho. Tom Stacey, mwandishi wa habari kutoka Uingereza, alitembea milimani pamoja na Mukirane mwaka 1954 na baadaye akaandika vitabu. Lakini wa kwanza kuuliza walikuwa wenyeji wenyewe.

Kazi ile imedorora, na si kwa sababu wachunguzi wamekosekana. Miji ya Wakonzo ya Kasese na Bwera haijawahi kuhojiwa kama inavyohojiwa sasa. Kilichopotea ni aina ya swali.

Chama cha Mukirane kilimezwa na mavuno yake yenyewe. Waliotumwa kukusanya masimulizi walirudi na malalamiko yaleyale kutoka kila bonde: watoto wanasomeshwa kwa Kitooro, vyeo vinawaendea Watooro, kodi inaishia Fort Portal, makao ya Toro. Machi 1962 wawakilishi wa Wakonzo na jirani zao Waamba walisusia baraza la Toro na kutoka nje. Tarehe 30 Juni Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi huru, na baadaye Mukirane akawa mfalme wake. Utafiti ukageuka kuwa ushahidi wa madai. Siwalaumu, mtu aliyenyimwa haki hutumia alichonacho. Ila madai ya kisiasa huchagua wa kusikilizwa. Shujaa aliyeshika mkuki alipata nafasi. Mwanamke aliyelima kahawa, akazika watoto wawili na kusomesha wanne kwa biashara ya kuvuka mpaka wa Mpondwe, hakuwa na la kuthibitisha, kwa hiyo hakuulizwa.

Baadaye wageni waliokota kalamu iliyoanguka. Kirsten Alnaes aliandika kuhusu nyimbo za uasi mwaka 1969. Peter Cooke na Martin Doornbos wakazirudia mwaka 1982. Ni kazi za heshima, tena zilisikiliza sauti za watu wa kawaida. Lakini zimo katika vitabu na majarida ya Kiingereza ambayo mwalimu wa Bwera hayaoni.

Mukirane alifariki mwaka 1966. Mwaka huohuo Waaustralia walichapisha juzuu ya kwanza ya Australian Dictionary of Biography, kazi inayotunzwa na chuo kikuu chao cha taifa kule Canberra, na ambayo leo ina wasifu wa watu zaidi ya 13,000. Isisifiwe kupita kiasi: juzuu za mwanzo ziliwapa wanawake nafasi finyu, na wenyeji wa asili wa bara lile finyu zaidi. Lakini ofisi ilibaki wazi, mishahara ikalipwa, na wakosoaji wakawa na mlango wa kubisha. Upungufu ukaanza kurekebishwa. Kasese hakuna mlango wa namna hiyo. Hata anayetaka kulalamika kwamba mama yake ameachwa hana wa kumlalamikia.

Matokeo yake, mtu wa huku huandikwa balaa linapomfika. Juni 2019 dunia iliijua Bwera kwa mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo akiwa na Ebola. Juni 2023 iliijua kwa shule ya Lhubiriha, ambako waasi wa ADF waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kasese mjini ilijulikana kwa ikulu ya mfalme wa Rwenzururu iliyoshambuliwa na majeshi ya serikali Novemba 2016, ambapo Human Rights Watch ilihesabu waliouawa zaidi ya 100. Baada ya kila tukio huja vijana na kompyuta za mkononi wakiuliza kwa zamu: umepoteza nani, unateka maji wapi, mnalala wangapi, umepata msaada gani. Ukianza kueleza ulivyokutana na marehemu mume wako sokoni, hakuna kisanduku cha kujaza. Majina nayo hayasaidii. Wakonzo huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, hivyo Masika ni binti wa kwanza na Bwambale ni mtoto wa pili wa kiume, katika maelfu ya nyumba. Orodha ya waliokufa iliyojaa Masika na Bwambale, bila hadithi nyuma yake, inakaribia kuwa orodha ya nambari.

Palipobaki pa kusimulia maisha mazima ni msibani. Wasifu wa marehemu husomwa mbele ya jeneza, umeandikwa usiku kucha na mpwa mwenye hati nzuri: alibatizwa lini, aliposa wapi, alifanya kazi mgodi wa shaba wa Kilembe miaka mingapi, deni gani ameacha. Una tarehe, una mzaha, wakati mwingine una ugomvi wa mashamba uliofichwa katika sentensi ya adabu. Ni utafiti hasa wa historia ya maisha, na hufanywa karibu kila wiki. Mazishi yakiisha, karatasi hukunjwa na kutiwa mfukoni.