Mwenye nguvu na mwaminifu: Tunampima nini kijana anayekabidhiwa bunduki?

 

Ijumaa moja baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Tengeru alinisubiri nje ya msikiti akiwa na bahasha mkononi. Baada ya maamkizi alisema: “Sheikh, mwanangu anaomba kazi ya polisi. Naomba dua yako, na uniandikie barua kwamba ni kijana mwema.” Nilimuuliza kijana yukoje. Akanijibu kwa furaha kwamba urefu anao, kifua anacho, na mbio kutoka Tengeru hadi Usa River anazimaliza bila kutweta. Nikamuuliza tena: “Mzee wangu, akikasirishwa huwa anafanyaje?” Mzee akanyamaza.

Ndugu msomaji, kimya kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yametaja urefu wa futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, vyeti vya shule, afya njema, na kutokuwa na kumbukumbu za uhalifu. Yote hayo ni ya lazima. Lakini kumbukumbu safi inatueleza kile ambacho kijana hajakifanya. Haituelezi atafanya nini siku atakapokuwa na silaha mkononi, mbele yake amesimama mtu anayemtukana.

Katika Suratul-Qasas tunasimuliwa habari za Nabii Musa (A.S.) kabla hajapewa utume. Aliingia mjini akakuta watu wawili wanapigana, mmoja wa kabila lake na mwingine wa upande wa maadui zao. Yule wa kwao akaomba msaada. Musa akampiga yule adui ngumi moja, akafa papo hapo. Tuzingatie vizuri: Musa hakuwa jambazi, na nia yake ilikuwa kumsaidia aliyemwomba msaada. Hata hivyo nguvu ilivuka kiasi cha haja, na roho ikatoka. Hakusema kwamba marehemu alikuwa mkaidi, wala hakudai kwamba alikuwa kazini. Alikiri kuwa hiyo ni kazi ya shetani, akaomba msamaha kwa Mola wake, na akaahidi kutokuwa kamwe msaidizi wa wakosaji.

Kisha akakimbilia Madyan, ambako aliwanywesheza maji mifugo mabinti wawili. Mmoja wao akamwambia baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wafasiri wanaeleza kwamba nguvu zake binti aliziona pale kisimani, na uaminifu wake aliujua njiani, kwa jinsi alivyotembea mbele na kuinamisha macho wakati hapakuwa na mtu wa kumwona. Huo ndio upekuzi wa kweli, kwani binti hakutazama misuli peke yake. Na baada ya hapo Musa alichunga kondoo kwa miaka isiyopungua minane. Ile ngumi iliyoua ilifunzwa subira na viumbe dhaifu kabla haijakabidhiwa fimbo ya kuongoza taifa.

Wazee wa Meru wanajua maana ya nguvu isiyo na uaminifu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa kwa nguvu Wameru takriban 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa waliotumwa kusimamia kazi ile walikuwemo askari Waafrika. Polisi wa Tanganyika walioundwa na Mwingereza mwaka 1919 walifundishwa kutii amri ya mtawala, hawakufundishwa kuwa walinzi wa raia.

Uhuru ulikuja, na askari wengi wametutumikia kwa heshima. Wapo waliokufa wakitulinda: Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa kuviziwa Kibiti. Dini yetu haituruhusu kuwadhulumu kwa kuwaweka wote katika kapu moja. Lakini haituruhusu pia kufumba macho. Januari 5, 2011, hapa Arusha mjini, polisi walizuia maandamano ya CHADEMA kwa mabomu ya machozi na risasi, na watu watatu wakapoteza maisha. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi kijijini Nyololo, Iringa. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu askari mmoja, kijana wa umri wa miaka ya ishirini, kifungo cha miaka 15. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi mkoani Mtwara, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu maofisa wawili adhabu ya kifo. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, katika machafuko yaliyoambatana na Uchaguzi Mkuu, roho za watu zilipotea, hata Rais akaunda tume ya uchunguzi.

Katika hukumu za Nyololo na Mtwara, tutazame nyumba mbili. Kuna mama aliyemzika mwanawe, na kuna mama mwingine ambaye mwanawe aliyempeleka depo kwa furaha amerudi akiwa mfungwa. Mahakama huja baada ya damu kumwagika. Upekuzi na mafunzo huja kabla, navyo huwaokoa mama wote wawili.

Jambo hili halina ugeni hata katika sheria za dunia. Mwaka 1990, mjini Havana, Umoja wa Mataifa ulipitisha misingi ya matumizi ya nguvu na silaha kwa askari. Misingi hiyo inataka askari achaguliwe kwa kuzingatia maadili, akili na mwili, apewe mafunzo endelevu, na ustahiki wake uangaliwe upya mara kwa mara. Inataka pia afundishwe kusuluhisha, kushawishi na kuelewa tabia za makundi ya watu, ili silaha iwe njia ya mwisho. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama. Mwaka 2023 tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa ya polisi, likiwemo la kubadili jina kutoka Jeshi kuwa Huduma. Jina ni mwanzo mwema, lakini jina halimfundishi mtu kuzuia mkono wake.

Viongozi nao wana fungu lao. Baada ya ufunguzi wa Makka, Khalid bin Walid (R.A.) alitumwa kwa Banu Jadhima, na watu wakauawa pasipo haki. Mtume (S.A.W.) aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile, kisha akamtuma Ali (R.A.) kwenda kulipa diya. Khalid alikuwa shujaa asiye na mfano, lakini ushujaa wake haukufanya kosa lifichwe, wala wafiwa hawakuambiwa wasubiri.

Basi sisi wazazi tuanze nyumbani. Mtoto anayempiga mdogo wake nasi tukacheka, anayemtesa punda sokoni nasi tukapita, anajifunza kwamba mwenye nguvu haulizwi. Nasi masheikh, wachungaji na viongozi wa mitaa tunaoombwa barua za tabia, tujue kwamba barua ile ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Tukimsafishia mtu njia kwa kumwonea haya baba yake, kesho tutaulizwa juu ya kila atakayeonewa.

Barua ya yule mzee niliiandika baada ya wiki mbili, nilipokwisha kuzungumza na kijana mwenyewe, majirani na mwalimu wake wa madrasa. Niliandika kwamba ni mwaminifu wa mali, hasemi uongo, na kwamba hasira zake ziko karibu na zinahitaji malezi. Mzee aliisoma, akaikunja, akaondoka bila kunijibu. Sikumlaumu. Lakini namuomba Mwenyezi Mungu amjaalie kijana yule, akipata kazi, apate na mwalimu atakayeisoma barua ile hadi mwisho.