Mipaka ya Silabi na Mkazo katika Nomino Ambatani za Kiholanzi

Katika Kiswahili, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi kama *sheria* au refu kama *mwanasheria*. Muundo wa ndani wa neno hauhusiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiholanzi hali ni kinyume: asiyejua nomino ambatani imeundwa kwa maneno gani hawezi kuigawa wala kuitamka ipasavyo.

Tuanze na silabi. Wingi wa *avond* (jioni) ni *avonden*, nao hugawanywa *a-von-den*: konsonanti *d* huanzisha silabi mpya na hubaki ghuna. Lakini *avondeten* (chakula cha jioni), yaani *avond* + *eten*, hugawanywa *a-vond-e-ten*. Mpaka wa maneno mawili huizuia *d* isivuke. Na kwa kuwa imebaki mwishoni mwa neno la kwanza, hutamkwa *t*.

Mkazo nao hufuata mipaka hiyohiyo. Kwa kawaida mkazo mkuu hukaa katika neno la kwanza, juu ya silabi ileile iliyoubeba neno hilo liliposimama peke yake. *Verzekering* (bima) lina mkazo kwenye *-ze-*, na *maatschappij* (kampuni) kwenye *-pij*. Yakiunganishwa tunapata *ver-ZE-ke-rings-maat-schap-pij* (kampuni ya bima), ambamo mkazo wa *-pij* hushuka daraja. Kiungo *s* huhesabiwa upande wa kushoto. Vighairi vipo: *stadhuis* (jengo la manispaa) lina mkazo kwenye *-huis*.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika pale tahajia moja inapobeba maneno mawili. *Kwartslagen* likigawanywa *kwart-sla-gen* ni mizunguko ya robo; likigawanywa *kwarts-la-gen* ni matabaka ya madini ya kwatzi. *Massagebed* likiwa *massage* + *bed*, mkazo huwa kwenye *-sa-*, na maana ni kitanda cha kukandia mwili. Likiwa *massa* + *gebed*, mkazo huhamia silabi ya kwanza, *g* hutamkwa karibu na *kh* ya *kheri*, na maana huwa sala ya umati.

Kwa hiyo, programu ya kompyuta inayokata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za sauti pekee haina budi kukosea. Mwanafunzi wa Kiholanzi naye yumo katika hatari hiyohiyo: hana budi kuitambua mofolojia kwanza, ndipo fonolojia imfungukie.