Aliyekwisha kuuza pikipiki asiifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vifaa vya kufuatilia vyombo vya moto, vinavyofichwa bila mnunuzi kuambiwa.

Mwaka juzi nilinunua pikipiki kwa mtu wa mjini kwa kulipa kidogo kidogo. Deni lilikwisha, tukabadilisha jina la kadi. Miezi mitatu baadaye tulikutana mnadani, akaniambia huku akicheka, "Mwalimu, siku hizi unalala ukweni?" Kweli nililala huko siku mbili, mkwe wangu alikuwa mgonjwa. Lakini yeye alijuaje?

Nilikwenda kwa fundi. Aling'oa kiti, akafuata nyaya za betri mmoja mmoja. Chini ya plastiki ya ubavuni alikuta kijisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimeungwa kwenye betri. Ndani mlikuwa na laini ya simu.

Kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti, hujua kilipo, kisha hutuma habari hiyo kwa mtandao wa simu. Kwa kuwa chuma huzuia mawimbi, mara nyingi hufichwa chini ya plastiki au kiti. Mwenye gari atazame pia chini ya usukani, kwenye tundu ambalo mafundi huchomeka mashine ya kupimia, ndani ya bampa na juu ya matairi, maana vingine vina betri na sumaku yake. Viko pia vidude vya Bluetooth visivyo na laini. Tangu mwaka 2024 simu za iPhone na Android zinaweza kumwonya mtu kwamba kidude asichokijua kinasafiri naye. Sisi wenye simu za kubofya hatuna budi kutumia macho na mikono.

Anayekikuta asikitupe kwa hasira. Akipige picha, kiwe ushahidi. Na mama anayemwogopa mume aliyeachana naye aende polisi kabla ya kukigusa, kwani kukizima ni kumjulisha aliyekiweka.

Ndugu Mhariri, sipingi kifaa chenyewe. Pikipiki huibwa, na mwenye kukopesha ana haki ya kulinda mali yake. Hata mabasi ya mikoani hufuatiliwa mwendo, lakini dereva anajua. Ninachopinga ni kuficha, na kuendelea kumfuata mtu baada ya deni kwisha. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu.

Nashauri kila mkataba wa kukopesha uandike wazi kama kifaa kipo, na siku ya kukabidhi kadi kiondolewe mbele ya mnunuzi. Yule bwana nilimlipa fedha zake zote. Habari za safari zangu hazikuwamo katika bei.

Mwalimu wa Kijijini,
Kondoa.