Kosa la Kijana Lilikuwa Kujua

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiwataka wanafunzi waitungie insha, na waama sikupata kuitia maanani hadi mwaka 2007, nilipotia sahihi barua ya kumsimamisha masomo kijana mmoja wa kidato cha tatu kwa kosa la kuharibu kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kisa hiki nilikuwa nimekifungia moyoni. Kilichonichochea kukitoa hadharani ni ziara niliyoifanya majuzi katika shule moja ya msingi. Mwalimu mwenyeji alinionyesha kwa fahari stoo yenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na vishikwambi vya ule mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 2016 kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la kwanza, vimepangwa vizuri, vumbi limevifunika. "Hapa viko salama, Mwalimu," akaniambia. Nikamuuliza hutolewa lini. Akatabasamu, akafunga mlango. Mlio wa kufuli ile ndio ulionikumbusha kabati la chuma.

Shule niliyofundisha wakati huo ilikuwa na urafiki na shule moja ya ng'ambo. Marafiki hao walitutumia kisanduku cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kamusi ndogo, chenye antena fupi mgongoni, pamoja na vijiti sita vya kuchomekwa kwenye tarakilishi. Kijitabu kilichoandamana nacho kilieleza kuwa hicho ni kituo cha Bluetooth, yaani kituo cha kuziunganisha tarakilishi na mtandao bila waya. Siku hizi kazi hiyo imetwaliwa na Wi-Fi, na kijana wa leo huenda akakicheka kisanduku chetu. Lakini msomaji akumbuke hali yetu. Nyaya za baharini zilizoleta intaneti ya kasi zilikuwa bado hazijafika Mombasa. Zilifika mwaka 2009. Sisi tulikuwa na laini moja ya simu ofisini kwa mhasibu, na tarakilishi sita kuukuu katika maktaba, ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Kuchimba mtaro wa kupitishia waya kulihitaji fedha ambazo bodi ya shule haikuwa nazo. Kisanduku kilikuwa jawabu la dua zetu.

Kazi ya kukisimika nilipewa mimi, mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu tu nilijulikana kuwa hodari wa kupiga chapa karatasi za mitihani. Nikaomba msaidizi. Mwalimu wa fizikia akanipa kijana mmoja mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi iliyoandikwa, hata ile ya kufungia sabuni. Jina lake sitalitaja.

Ni yeye aliyenisomea kijitabu chote. Alinieleza kuwa teknolojia hiyo ilianza kushughulikiwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund nchini Sweden, na kwamba jina lake ni la mfalme Harald wa Denmark, aliyeishi karne ya 10 na kupewa lakabu ya Jino la Buluu. Mfalme huyo aliwaunganisha watu wake. Waliolibuni jina walitumaini kuunganisha vyombo vya makampuni mbalimbali. Nilifurahi kama afurahivyo mwalimu wa lugha apatapo asili ya neno.

Akaendelea kunieleza namna mawimbi yale yanavyosafiri. Hayatulii mahali pamoja. Masafa yaliyotengwa yamegawanywa katika njia 79, na vyombo viwili vinavyozungumza huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa kila sekunde, vikifuata mpangilio ambao vimekubaliana. Chombo kingine kikiingilia njia moja, wenyewe wamekwisha kuihama. Kituo kimoja huweza kuhudumia vyombo saba kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa na tarakilishi sita, kwa hiyo tukabakiwa na nafasi moja, ambayo Naibu wa Mwalimu Mkuu aliiwania papo hapo.

Usimikaji wenyewe haukuwa mgumu kama nilivyohofu. Tulikiweka kisanduku juu ya meza kando ya dirisha la mhasibu, tukakipa umeme, tukakiunganisha kwa waya na tarakilishi iliyokuwa na laini ya simu. Tukasubiri taa zitulie. Kisha tukavuka uwanja, tukachomeka vijiti, tukaiagiza kila tarakilishi itafute vyombo vilivyo jirani. Jina la kisanduku likatokea. Hatua iliyofuata kijitabu kiliipa neno la Kiingereza ambalo nililifasiri kuwa "kuoanisha", na wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko, wakisema mashine zinafungishwa ndoa na mwalimu wa Kiswahili ndiye kadhi. Mahari ilikuwa nambari ya siri, ambayo kiwanda kilikuwa kimeiweka kuwa sufuri nne. Tukaiandika kwenye kila tarakilishi, zikakubaliwa, zikapewa anwani, na ukurasa wa kwanza ukaanza kufunguka taratibu. Upole huo haukuwa wa Bluetooth, ambayo hata katika toleo lake la kwanza iliweza kupitisha hadi kilobiti 721 kwa sekunde. Laini yetu ya simu haikufika hata 56. Hata hivyo makofi yaliyopigwa siku ile nayakumbuka hadi leo.

"Mwalimu," kijana akaniambia tulipokuwa tukikusanya makaratasi, "kijitabu kinatuonya tuibadilishe nambari hii. Kila aliyenunua kifaa kama hiki anaijua." Nikamjibu kuwa tutaibadilisha kesho.

Jioni ile mhasibu, mtu mwangalifu ambaye alikuwa ameibiwa mashine ya kupigia hesabu muhula uliotangulia, alikitwaa kisanduku akakifungia katika kabati la chuma la kutunzia vitabu vya risiti. Alitoboa tundu la upana wa kidole kwa nyuma, akapitisha nyaya, akatia kufuli. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Asubuhi yake tarakilishi zote sita za maktaba zilikuwa kimya. Tukaenda ofisini, mhasibu akafungua kabati, tukaona taa zinawaka kama kawaida. Tukarudi maktaba tukiwa na matumaini. Kumbe nyuma yetu mhasibu amekwisha kufunga kabati lake. Patupu. Tukaenda na kurudi hivyo siku mbili nzima, tukikanyaga uwanja wa gwaride kama wanajeshi, na kila tulipotazama taa zilikuwa zikiwaka. Tukaamua kuwa kifaa kimekufa ndani ilhali nje kinaonekana hai. Wengine walisema vifaa vya msaada ndivyo vilivyo. Wengine wakauliza ni nani aliyekigusa mwisho.

Usiku wa siku ya pili, wakati wa masomo ya jioni, askari wa zamu alimkuta kijana wangu ofisini kwa mhasibu. Kabati lilikuwa wazi, maana ufunguo ulikuwa umesahauliwa kwenye kufuli, na mkononi alikuwa na pini. Alieleza kuwa alitaka kuhakikisha jambo moja, na kwamba mwenzake yuko maktaba akitazama. Alidai kuwa kabati linapofunguliwa tarakilishi hupata mtandao, na linapofungwa huukosa. Pini ilikuwa ya kubonyezea kitufe kilicho ndani ya tundu dogo, kinachokirejesha kifaa katika hali ya kiwandani, endapo dhana yake ingekuwa na kasoro. Hakuwa ameitumia. Mwenzake alithibitisha kila neno, naye akaandikwa kuwa mshirika.

Kosa la kijana halikupingika: aliingia ofisi ya watu usiku bila idhini. Kwa hilo alistahili adhabu, na sisemi vinginevyo. Lakini barua haikuishia hapo. Ilisema ameharibu mali ya shule, na ushahidi uliotajwa ulikuwa wa aina tatu: kwamba alijua nambari ya siri, kwamba alijua kitufe kile kina kazi gani, na kwamba alidai kujua kosa liko wapi wakati walimu wake hawakujua. Mambo mawili ya kwanza aliyasoma katika kijitabu nilichompa kwa mkono wangu. La tatu alilitafakari mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa zamu juma lile, kwa hiyo sahihi ya pili ilikuwa yangu. Niliitia.

Mamake alikuja siku ya tatu, akaketi ukingoni mwa kiti kana kwamba asingependa kukichakaza. "Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Nieleze taratibu mwanangu ameharibu nini, nipate kumkanya." Nikamwambia, "Mama, amevuruga mitambo." Akaniuliza ameivuruga namna gani. Hapo nilitambua kuwa sikuwa na jibu. Nilirudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Alilipa sehemu ya kwanza ya bei ambayo ofisi ilikuwa imekadiria, akaahidi nyingine baada ya mavuno, akamchukua mwanawe kwa majuma mawili.

Ukweli ulijifichua muhula wa tatu, ofisi ilipopakwa rangi. Mafundi walilitoa kabati nje, na mhasibu akakiweka kisanduku dirishani huku bado kimeungwa umeme na waya wake. Nilikuwa maktaba nikisahihisha insha. Tarakilishi iliyokuwa mbele yangu, ambayo hakuna aliyeizima tangu asubuhi, ikaonyesha kuwa imeunganishwa. Baridi ilinipita mwilini. Kabati liliporudishwa nilikitia kisanduku ndani nikafunga, nikaenda maktaba: kimya. Nikamtuma mwanafunzi afungue: mtandao ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu, kisha nikaenda kwa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu wa fizikia alitueleza kwa dakika tano, ubaoni. Bluetooth hutumia mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4 hivi. Ukigawanya kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa 2,400,000,000, unapata mita 0.125, yaani urefu wa wimbi ni sentimita 12 na nusu. Chuma huyazuia mawimbi hayo, na tundu la upana wa kidole ni dogo mno yasiweze kupenya vya kutosha. Michael Faraday alilionyesha jambo la jamii hii mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia metali. Ilikuwa hesabu ya mstari mmoja, na yeye mwenyewe alikuwapo shuleni tulipokuwa tukivuka uwanja siku mbili nzima. Hatukumwuliza. Tulikuwa tukimtafuta mkosaji.

Siwalaumu walimu wakuu wanaofungia vifaa. Wezi wapo, na mali ikipotea ni mwalimu mkuu anayeitwa kujieleza, hakuna anayeulizwa kwa nini kifaa kizima hakikutumika. Ninalolilalamikia ni zoea letu la kumshuku anayekijua kifaa kuliko sisi. Katika somo la Kiswahili mwanafunzi akijua msamiati nisioujua humpigia makofi. Kwa nini akijua kitufe nisichokijua nimwite mhalifu? Shule nyingi nilizozitembelea zimebandika ukutani sheria za chumba cha tarakilishi, na karibu zote huanza kwa neno "Usiguse".

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo dogo lisilohitaji bajeti. Chukua simu yako na spika ya Bluetooth, ucheze sauti yoyote darasani. Kisha itie simu ndani ya sufuria, ufunike kwa karatasi ya alumini na kifuniko juu yake, usogee nayo hatua chache. Sauti itakatika au kukwamakwama. Waache wanafunzi wabishane kuhusu sababu kabla hujasema lolote. Waifungue, waifunge, wapime hatua, wajaribu chungu cha udongo badala ya sufuria. Wakubwa wapige ile hesabu ya sentimita 12 na nusu. Simu ikianguka ikapata mkwaruzo, hiyo ndiyo karo ya somo, nawe ulipe bila kunung'unika.

Fedha za mama yule zilirudishwa kwake, ingawa ilibidi bodi ikutane mara mbili. Barua iliondolewa katika faili. Majuma mawili ya masomo hayakuweza kurudishwa, na jaribio la hisabati alilolikosa liliandikwa sufuri katika ripoti ya muhula ule. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lake, jambo ambalo sikuwa nimepata kulifanya, na sauti yangu haikuwa imara. Alisimama, kama ilivyo ada, mikono nyuma.

"Asante, Mwalimu," akasema. Kisha baada ya kimya kidogo akaongeza, "Naomba kuuliza. Ile nambari ya siri, mliibadilisha?"

Ilikuwa bado sufuri nne.